Majani ya Kando ya Njia

Kaka yangu Adelmo ana tabia moja iliyotutesa sisi wote wa nyumba yake: hachomi majani.

Huku kwetu Casalvento, kwenye hii milima ya Apenini, mtu husamehewa mengi. Anaweza kunywa, anaweza kukosa misa, anaweza hata kununua dukani unga wa kastania, zile kokwa za miti yetu, ingawa hilo litasemwa mpaka Pasaka. Lakini shamba la mikastania lenye majani yaliyolala chini halisameheki. Novemba, mavuno yakishaingia kwenye vibanda vya kukaushia, kila nyumba hutoka na reki zake. Majani na yale maganda ya miiba hukusanywa, huchomwa, na moshi hukaa bondeni wiki nzima. Shamba likiwa safi kama sakafu ya jikoni, wapita njia hutikisa vichwa kwa kuridhika. Likiwa na majani, hawamsemi mume. Wanamsema mke.

Adelmo aliacha kuchoma baada ya kiangazi kimoja kikali, alipoona kwamba miti iliyobaki na afya ni ile ya mteremko wa chini, ambako majani yalijikusanya yenyewe. "Mti unakula unachokiangusha," akatutangazia mezani. "Sisi tunaunyang'anya sahani kabla haujashiba." Toka siku hiyo anapogoa, anafyeka nyasi, anabebesha miche vikonyo vya miti bora, anafanya kila kazi ya mtu wa kastania, ila majani anayasukuma kando tu wakati wa mavuno, kisha anayarudisha chini ya miti yakaoze. Kijiji kizima kikamwita mvivu. Mimi naishi naye nyumba moja, yeye na mkewe chini, mimi juu, na sikumwita mvivu kwa sababu namwona anavyoamka. Nilimwita kichwa ngumu, na hilo sijalifuta.

Sasa wifi yangu Nives. Huyu kazaliwa Vallescura, ng'ambo ya mlima, kijiji ambacho wanawake wake hufagia hata barabara ya serikali. Kwake yeye, kwenda kanisani Jumapili na kusikia nyuma yake wanawake wakinong'ona kuhusu "lile pori la Adelmo" ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Hakumwambia mumewe neno. Alifanya jambo ambalo, nakuapia, mwanamke wa mahali pengine asingelifikiria. Kila Novemba, Alhamisi moja Adelmo akishashuka mnadani, Nives alichukua reki akafagia ukanda mmoja tu wa shamba, ule unaopakana na njia, upana kama wa chumba, kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye kona. Majani akayafunga kwenye shuka kuukuu, akayateremsha korongoni, akayachomea huko. Mpita njia akitupa jicho, anaona usafi. Ya ndani yasiyoonekana aliyaacha kati ya Mungu na Adelmo.

Hatukujua, si mimi si mumewe. Nasema mapema ili msije mkadhani nawazungusha.

Na Adelmo macho anayo, aliona kila mwaka ule ukanda uko uchi. Akajipatia maelezo: upepo. Njia imepita juu ya mgongo wa mlima, upepo wa kaskazini unakatiza pale bila kubisha hodi, basi unayabeba majani. Alitueleza hivyo kwa uhakika wa padri, na Nives anasikiliza huku anamenya viazi.

Mwaka juzi, theluji ilipoyeyuka, akaja msichana wa chuo kikuu, Ilenia, mwembamba, buti kubwa kuliko yeye, na bomba la chuma la kutobolea ardhi. Alikuwa akizunguka vijiji vya kastania kupima udongo wa mashamba umehifadhi kaboni kiasi gani, kufuatana na watu wanavyoyatunza. Nives akamkalisha jikoni, akamjazia chapati za unga wa kastania zenye jibini laini, maana mtu mwembamba vile ukimwacha hivihivi ni dhambi.

"Mti unavuta kaboni kutoka hewani, mama," msichana akasema na mdomo umejaa. "Unaiweka kwenye mbao, kwenye mizizi, kwenye majani. Majani yakichomwa, karibu yote inarudi juu mchana uleule. Yakiachwa yaoze taratibu, sehemu yake inaingia kwenye mboji. Inaweza kukaa humo ardhini miaka na miaka."

Adelmo akaweka uma chini. "Hebu rudia hapo."

Ilenia akarudia.

"Umesikia, Ersilia?" kaka akanigeukia, uso umemfunguka. "Miaka yote hii nimekuwa naweka akiba!"

"Akiba ya hewa," nikamwambia. "Kaikopee trekta basi."

"Cheka tu. Cheka, dada yangu."

Mnajua mtu mzima anapopewa jina la kitu alichokuwa nacho siku zote bila kujua kinaitwaje? Adelmo alilipenda lile neno. Alimwambia kaboni mleta barua. Alimwambia kaboni padri. Nilimkuta asubuhi moja bandani anawaeleza kuku. Na mimi, pamoja na ulimi wangu huu, nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu sikuwa nimemwona hivyo tangu tukiwa watoto.

Lakini siku ile ya kupima ilinyesha mvua, na miteremko yote ikawa utelezi mtupu. Ilenia alikuwa na mashamba mengi ya kuzungukia. Akasema safari ya kwanza ni ya kuonja tu, atatoboa vishimo vichache kila shamba, kisha atachagua yapi ya kurudia kwa undani. Kwetu alitoboa palipofikika, pembeni mwa njia.

Nives alikuwa amemshikia mwavuli. "Mbona huingii ndani, mwanangu?" akamwuliza.

"Leo hapa panatosha, mama. Utelezi."

Nives akamsogezea mwavuli. Nadhani wakati ule hata yeye hakuona vizuri alichokuwa anakiona.

Majibu yalisomwa Novemba, kwenye ukumbi wa parokia. Kastania mpya zilikuwa zinachomwa uani, mvinyo upo mezani, watu wamejaa. Adelmo alivaa koti lake la harusi. Lilikuwa halifungi, lakini alilivaa. Ilenia akaonyesha ukutani majina ya mashamba, yaliyohifadhi zaidi juu, yaliyohifadhi kidogo chini, na sisi tukaanza kulitafuta jina letu kuanzia juu. Tukashuka. Tukashuka tena. Tulilikuta mwisho kabisa, chini ya wote, chini hata ya Brunetto jirani yetu, ambaye huchoma majani, huchoma maganda, na angekuwa na nafasi angechoma na mizizi.

"Adelmo!" Brunetto akapiga kelele kutoka nyuma. "Hata majivu yangu yamekushinda, ndugu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ilenia alijitahidi, maskini. "Jamani, hizi ni sampuli chache mno, msizifanye hukumu, na hapa kuna kitu hakinikai sawa kichwani..." Nani amsikie? Brunetto ni rafiki wa Adelmo toka shuleni, wala hakuwa na ubaya, alikuwa na mvinyo. Adelmo naye alicheka pamoja nao. Mimi kicheko cha kaka yangu nakijua, na kile hakikuwa chake.

Nyumbani alitundika koti, akakaa. Nives akampakulia supu. Supu ikapoa.

"Basi," akasema. Akainuka akaenda kulala.

Jumamosi akampigia simu Gualtiero, mfanyabiashara wa nguzo. Huyu alikuwa amemsumbua miaka mingi amwuzie ile mikastania, aikate yote hadi chini, visiki vichipue, na machipukizi yavunwe nguzo. Kila mara Adelmo alimfukuza kama mbwa aliyeingia jikoni. Safari hii nilimsikia kwa masikio yangu akisema: "Njoo Jumatatu uweke alama."

Nikateremka ngazi mbili mbili. "Una akili sawasawa wewe? Miti aliyobebesha babu?"

"Ersilia, niache."

"Sikuachi. Kwa ajili ya vishimo vya yule mtoto?"

"Si vishimo." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nimekuwa mjinga miaka thelathini na kitu. Nilidhani nailisha ile ardhi, kumbe naifanyia uvivu, kama walivyosema. Na huyu," akaonyesha kwa kidevu upande wa Nives aliyekuwa kwenye karo, "amevumilia maneno ya watu muda wote huo kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kweli. Sitaki apite tena njia ile akiwa ameinamisha kichwa. Ikatwe, yaishe."

Nives alikuwa ametugeuzia mgongo. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa. Alishaelewa pale pale ukumbini, kabla kicheko hakijatulia. Vishimo vyote vilikuwa ndani ya ukanda wake. Kilichopimwa si shamba la Adelmo, ni ufagizi wa Nives. Sentensi moja tu ingemaliza kila kitu, na sentensi hiyo ilikataa kutoka, kwa sababu nyuma yake lilikuwa linasubiri swali, na swali hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Adelmo angemwuliza kwa nini.

Siku mbili zile alifagia jikoni mpaka nikamwambia, "Wifi, utafika kwenye msingi." Hakucheka. Nikadhani anaumwa. Alimwangalia mumewe akipita na kutoka, akimwona amepungua ndani ya shati lake, na bado mdomo haukufunguka.

Jumatatu asubuhi Gualtiero akaja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Brunetto naye alikuja, kofia mkononi, kwa kuwa mvinyo ulishamtoka na alishajua alichosema. "Adelmo, ulikuwa utani," akawa anarudia. "Ndugu yangu, utani tu." Adelmo akatuongoza hadi mti wa kwanza, ule mnene ulio karibu na chemchemi, akaupapasa gome mara moja kama unavyompapasa ng'ombe unayemtoa zizini, kisha akasogea kando.

"Tuanze na huu?" Gualtiero akauliza.

"Anza na huu."

Gualtiero akachovya brashi.

Ndipo tukasikia viatu. Nives alikuwa anakuja njiani mbio, amevaa aproni na ndara, Nives ambaye haendi hata bandani kwa kuku bila kufunga kamba za viatu. Nywele zimemfumuka. Akafika anahema.

"Gualtiero! Funika hiyo rangi."

"Mama, mume wako ndiye aliyeniita..."

"Nimesema funika. Ikidondoka hapa nitakunywesha."

Gualtiero akafunika. Mtu wa Vallescura akisema hivyo, unafunika.

"Nives, rudi ndani," Adelmo akasema taratibu. "Utapata baridi."

"Sirudi. Vile vishimo alivyotoboa yule mtoto, alivitoboa wapi?"

"Si hapa? Kando ya njia."

"Na kando ya njia pana majani?"

"Hapana. Unajua mwenyewe, upepo..."

"Huo upepo ni mimi, Adelmo."

Kaka yangu akamwangalia bila kuelewa. Brunetto alielewa kabla yake, nikamwona anavaa kofia kisha anaivua tena.

"Ni mimi," Nives akasema. Sauti ilikuwa inamkatika lakini hakuiacha. "Kila Novemba, ukishuka mnadani. Nafagia hapa hadi kwenye kona, nachomea korongoni. Miaka yote. Hapa hapajawahi kuoza jani. Yule mtoto amepima kazi yangu, hajapima yako. Yako iko huko ndani, haijaguswa na mtu."

Adelmo akaukalia mzizi, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba, na nilijua kinachomwuma si upepo.

"Kwa nini?" akauliza.

Lilikuwa lile swali.

"Ulikuwa unanionea haya?" akaongeza, kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii, Nives?"

"Wewe? Nikuonee haya wewe?" Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta. "Walikuwa wanapita hapa wanakuita mvivu. Wewe! Unaamka kabla ya jogoo, unarudi umechanika mikono, wao wanapita hapa na viatu vyao vya Jumapili wanakuita mvivu, na mimi nasikia. Ningewapiga. Sikuweza kuwapiga, basi nikafagia. Nilitaka wakifika hapa wakose la kusema. Ni hilo tu, mzee wangu. Nilitaka wanyamaze."

Mimi nililia. Brunetto alilia. Gualtiero alikuwa anatazama kopo lake la rangi kama vile limeandikwa kitu.

Adelmo akainuka, akavua koti lake la kazi akamvika mkewe mabegani, akalifunga kifungo cha juu kwa vile vidole vyake vinene, ikamchukua muda. "Na mgongo wako ule," akamwambia. "Mwanamke mgonjwa wa mgongo. Unabeba majani kwenye shuka hadi korongoni. Ndiyo maana shuka zetu zilikuwa haziishi kupotea."

Kisha akamgeukia Gualtiero. "Nenda nyumbani, bwana. Pole kwa safari."

Ilenia nilimpigia simu mimi. Nilipofika kwenye habari ya ukanda akaniomba nirudie, kisha nikasikia kitu kimeanguka upande wake. Alifika kesho yake kabla hatujanywa kahawa.

Akatoboa ndani ya ukanda, kisha akavuka hatua chache tu kuingia kwa Adelmo akatoboa tena, akaendelea hivyo mteremko mzima, na safari hii hakujali utelezi. Hakukuwa na haja ya kungoja maabara ili kuona. Bomba la ukanda lilitoka na ngozi nyembamba ya weusi, kisha udongo wa njano mkavu. Bonge la udongo wa kwa Adelmo lilitoka jeusi, likaendelea kuwa jeusi, lina unyevu, linanuka uyoga, na nyuzi nyeupe zimelikamata mpaka halikutaka kuvunjika. Adelmo akalipokea kwa mikono miwili. Hakusema kaboni.

Maabara nayo ikaja kusema vilevile, na Ilenia akarudi kutusomea mwenyewe, jikoni, hakutaka ukumbi. Akasema watu wa kazi yake hutafuta jambo kama lile wasilipate: mteremko mmoja, miti ya umri mmoja, udongo mmoja, miaka thelathini na kitu, upande mmoja umefagiliwa na mwingine haukufagiliwa. Ungetaka kulipanga makusudi ungehitaji maisha ya mtu mzima. "Bila ukanda wa mama," akasema, "ningejua tu kwamba shamba la mzee ni zuri. Nisingejua ni majani ndiyo yaliyolifanya zuri."

Nives akawa mwekundu hadi masikioni.

"Ila nina ombi," msichana akaendelea, na hapo akaanza kuzungusha kikombe chake. "Ukanda ule ukiachwa sasa, ulinganisho unakatika. Ningeomba... Novemba ijayo... uendelee kufagiliwa. Kama zamani."

"Hapana," Adelmo akasema.

"Adelmo," mimi nikaingilia, "ni kwa faida yako."

"Mke wangu hainami tena pale. Ameinama vya kutosha kwa ajili yangu. Sayansi itafute mgongo mwingine."

"Nitafagia mwanangu, usimsikilize," Nives akamwambia Ilenia.

"Hutafagia."

"Nitafagia, na utanyamaza."

Walibishana hivyo hadi kahawa ya pili, na mimi nikapanda juu kwangu kwa kuwa vichwa viwili vigumu ndani ya jiko dogo vinaumiza cha tatu.

Novemba iliyopita mikastania ilizaa sana. Tulivuna, tukakausha, na majani yakashuka yote ndani ya siku chache za upepo. Jumapili, wakati watu wanatoka kanisani na njia imejaa, tukakuta kuna mtu anafagia ule ukanda.

Alikuwa Adelmo. Amevaa koti lake la harusi, lisilofungika, ameshika reki ambayo hakuwahi kuishika kwa kazi hiyo, na anakusanya majani mbele ya macho ya Casalvento nzima, peupe, saa ambayo hakuna asiyepita. Angeweza kuchagua siku nyingine. Aliichagua ile.

Watu wakasimama. Hao hao.

"Ameokoka!" mmoja akaita. "Adelmo ameona mwanga!"

"Imekuchukua muda, bwana!"

"Leo umejifunza usafi?"

Nilifungua mdomo niwajibu, na majibu ninayo ya kutosha, lakini kaka yangu aliinua mkono. Alikuwa anatoka jasho. Akaegemea reki akawatazama wote, akamalizia kwa Nives, ambaye alikuwa amesimama kati yao na viatu vyake vya Jumapili, na mkono ameuweka mdomoni.

"Hii ni kazi ya mke wangu," akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. "Nimemshikia."

Akarudi kufagia. Brunetto, ambaye mwaka huo hakuchoma hata kirundo kimoja na alituambia kiberiti chake kimelowa, akaondoka kundini akaenda kumshikia shuka. Wengine wakaanza kutawanyika kimya kimya, na hakuna aliyecheka tena.

Nives hakutoka. Alisogea hadi ukingoni mwa njia, macho yamejaa, akamwangalia mumewe anavyoburuza reki vibaya, kama mtoto, akiacha jani hapa na jani pale.

"Hapo umeacha," akamwambia.

Adelmo akageuka, akarudi, akainama akaliokota.